Tukutane Korosho Zikilipwa

Hivi jamani, nani aliyeileta hii Grown Ups kwenye kibanda umiza cha hapa Mtwara? Muvi ya mwaka 2010, imekuja kutuharibia watu leo! Adam Sandler, Kevin James, Chris Rock na wenzao wawili walicheza timu moja ya basketi utotoni, wakabeba ubingwa mwaka 1978. Miaka thelathini mbele kocha wao anafariki, wanakutana msibani. Wakitoka msibani, wanahamia kwenye nyumba kubwa kando ya ziwa na wake na watoto, wanachezea maji. Basi, muvi imeisha.

Sasa nauliza: mapato na matumizi ya msiba kasoma nani? Nimekodoa macho mpaka majina yanapanda, sikuona mtu na daftari. Hakuna aliyesema "mchango wangu nitautuma jioni." Wenzetu wanatoka msibani wanabembea na kamba wanajitupa ziwani. Huku kwetu turubai halijashushwa, mwenyekiti keshasimama: "Ndugu waombolezaji, kuna deni la sufuria."

Na mtafsiri wa muvi naye mchochezi. Sandler mle ni wakala wa mastaa wa Hollywood, yeye kamgeuza mnunuzi wa korosho wa Tandahimba! Kibanda kililipuka. Ndipo jamaa niliyesoma naye, shuleni tukimwita Kobe, akainuka: "Na sisi La Saba tukutane!" Usiku huohuo nakuta nimeshaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, "La Saba Kuchele". Sikuomba.

Mwanzoni salamu na picha za maua. Kisha ikaundwa kamati: mwenyekiti, katibu, mhazini, mlezi. Mlezi wa nini, watu wazima tuna sukari na presha? Na uhazini wakampa yuleyule aliyekusanya hela za karatasi za mtihani wa majaribio, halafu siku ya mtihani maswali yakaandikwa ubaoni.

Ukaja ugomvi wa mahali. Ziwa hatuna, lakini bahari si ipo pale Shangani, bure kabisa? Hapana, wanataka ukumbi wenye viti vya kuvalishwa vitambaa. Watu haohao tulikaa chini darasani, saba kwenye mkeka mmoja! Wenzetu walikuwa na ringi ya kutupia mpira. Sisi ringi ilikuwa moja tu, ya lori, imening'inia kwenye mkorosho, na aliyeruhusiwa kuigusa ni mwalimu wa zamu, kwa nondo. Ndiyo ilikuwa kengele.

Nyumbani nako mama watoto kauliza swali moja tu: "Yule wa mkeka wa mbele yumo kwenye grupu?" Nilivyosema yumo, nikala ugali mkavu.

Tarehe sasa. Nikasema Juni, kuna kaubaridi kazuri. Eti Juni hela yote iko kwenye salfa ya kupulizia mikorosho. Septemba? Tunafagia chini ya mikorosho. Oktoba? Subiri minada ianze. Novemba? Korosho ziko ghalani, benki haijasoma. Desemba benki ikasoma, na grupu likafa ganzi! Ukimpigia katibu, hapatikani. Mwenyekiti, anatumika. Kobe mwenye wazo lake kaonekana Mikindani juu ya bodaboda mpya, siti bado ina nailoni, kanipita anaangalia baharini. Januari ndiyo wanaibuka mmoja mmoja: "Wandugu, vipi ile ishu yetu? Ila hali ngumu, ada za watoto."

Mwisho wa muvi wanarudiana na timu waliyoifunga 1978, na Sandler anakosa kwa makusudi ili wapinzani nao wafurahi. Hapo kibanda kizima kiliguna. Mzee mmoja alidai arudishiwe jero yake. Nasi sasa kamati imepitisha kurudiana na shule ya jirani waliotulaza bao tukiwa la sita. Golikipa wetu ana goti bovu, beki hawezi kuinama. Jezi zinatakiwa, tena zenye majina mgongoni.

Juzi mhazini katuma ujumbe mrefu, emoji za kusali mwanzo na mwisho: "Ndugu zangu, michango ni kwenye namba ileile. Jina litakuja la shemeji yangu, msishtuke."