Aliyezikwa Uwani Kwangu

Mtu akikuambia Makorora yetu ya Tanga hakuna siri, mwamini. Mimi nilikaa siku nne natuhumiwa kumuua mke wangu na sikujua, tena nikisalimiwa vizuri tu. Kumbe salamu zenyewe zilikuwa za kunipeleleza.

"Baba Zai, hujambo? Na wa nyumbani?"

"Wa nyumbani amelala," najibu, maana ndivyo ninavyojibu miaka yote mke wangu akiwa hayupo barazani. Sikuona ubaya. Wenzangu walikuwa wanaondoka na jibu hilo kama ushahidi.

Ila ngoja nianze na mchicha.

Udongo wangu ni kichanga. Unamwaga ndoo ya maji, unageuka kutafuta kopo, ukirudi maji yameshakwenda zake. Mchicha niliopanda uliota, ukatazama hali ya maisha, ukawa manjano na kukomea kimo cha kiberiti. Rafiki yangu wa barazani, bwana shamba mstaafu, akaja kuuangalia. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Huu unakufa njaa," akasema. "Chakula unachotia kinapita kama kwenye chujio. Tia mboji."

Akanipa somo. Vitu vibichi na vitu vikavu, vikavu viwe vingi, mara mbili tatu ya vibichi. Vikatwekatwe vidogo. Biwi liwe kama mita moja kila upande, dogo kuliko hapo halishiki joto. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Ligeuzwe lipate hewa. Usitie nyama, samaki wala mafuta.

Nilisikia yote. Nililoshika ni moja, lile la maganda.

Basi mwezi wa tatu nikaweka ndoo jikoni. Maganda ya muhogo, machicha ya nazi, maganda ya maembe, ukoko wa wali, vyote ndani. Na vichwa vya samaki, kwa sababu nyumba ya Tanga ukitoa vichwa vya samaki kwenye taka unabaki na ndoo tupu. Usiku, umeme umekatika, nafuta sahani kwa haraka na kumwaga gizani. Hilo la gizani lishike, tutalihitaji. Vitu vikavu sikutia hata jani. Majani makavu nilikuwa nayafagia na kuyachoma kama Watanzania wenzangu.

Ikaingia masika. Biwi likawa uji. Maji yakijaa kwenye nafasi za hewa, wale vijidudu wa kheri wanaohitaji kuvuta pumzi hufa, wanakuja wengine wasiohitaji hewa, na hao ndio wenye harufu ya yai viza. Paka wa mitaa mitatu walihamia ukutani kwangu. Jioni moja mke wangu akasimama mlangoni kapiga mtandio puani, akapaza sauti ambayo upande wa pili wa ukuta ilisikika neno kwa neno:

"Ama mimi, ama huo mzoga wako! Mmoja wetu ataondoka!"

Upande wa pili wa ukuta anakaa Mama Shufaa.

Mwezi wa tano ndipo yakazuka ya vijiko. Mama Zai ana dazani ya vijiko vyenye waridi mpinini, zawadi ya harusi. Vinatolewa kwa wageni, na kwangu mimi mvivu wa kunawa, nnayekula wali kwa kijiko kama mgonjwa. Mama Shufaa aliviazima kwa maulidi, akavirudisha. Wiki tatu baadaye Mama Zai akafungua kabati, akahesabu vitano.

"Saba viko wapi?"

Mama Shufaa aliapa amerudisha kumi na viwili. Mama Zai akasema yeye hasemi kitu, ila macho anayo. Kwa wanawake wa pwani, "mimi sisemi kitu" ni matusi makubwa kuliko yote yaliyomo kwenye lugha. Wakanuniana. Salamu zikakatika, sahani za kufunikwa zikakatika, na mimi nikakatikiwa na vitumbua vya Mama Shufaa, ambavyo sijali nani anasoma hapa, ni vitamu kuliko vya nyumbani.

Mwezi wa sita mdogo wake Mama Zai akajifungua, huko ndani ndani Muheza, njia ya kwenda Amani. Mke wangu akafunga mizigo kwenda kumlea mzazi arobaini nzima. Aliondoka alfajiri kuwahi gari stendi ya Kange. Kwa ule ugomvi, hakumuaga jirani. Tanga yetu inaitwa Waja Leo Waondoka Leo. Mwenzangu kaondoka na hakuna aliyemwona akiondoka.

Mimi nikaona hii ndiyo nafasi ya kulifufua biwi, ili akirudi akute mchicha mpaka magotini.

Mara hii nilifuata somo. Majani makavu ya mwembe na mwarobaini nilifagia mtaa mzima, watoto wakanisaidia. Maranda kwa seremala. Samadi magunia mawili, kwa baiskeli. Ule uji wa zamani nikauchanganya humo humo, tabaka kwa tabaka. Tatizo lilikuwa nafasi. Kati ya ukuta wa choo na mpapai hakuna mita moja ya upana, kwa hiyo nilichokosa upande nikakifidia kwa urefu. Likatoka biwi la urefu wa mita mbili hivi, jembamba, limeinuka katikati. Nikalifunika kwa gunia la katani. Mkonge aliuleta Mjerumani mwaka 1893, na baada ya miaka yote hiyo mimi ukanipatia sanda. Upepo wa kusi ukawa unalipeperusha gunia, nikaweka tofali moja huku mwisho na jingine kule. Jioni nikitoka kazini namwagilia kidogo kwa kopo, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wewe msomaji umeshaona. Mimi sikuona.

Na kulikuwa na kijiti. Bwana shamba alinifundisha: chongoa kijiti kirefu, kichomeke mpaka moyoni mwa biwi, kiache humo. Ukikichomoa kikiwa cha moto, kazi inakwenda. Kikiwa cha baridi, kuna walakini. Biwi likiwa sawa hufika nyuzi 60, unaweza kudhani kuna mtu anapika chini. Siku ya tatu nilikichomoa nikakiachia mwenyewe. Jamani, nilifurahi! Nikazoea kulisemesha biwi langu. Nyumba tupu, mke hayupo, utasema na nani?

"Bado wa moto wewe? Lala, lala tu. Miezi miwili utakuwa udongo, hakuna atakayekujua."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu. Chini ya ukuta wa Mama Shufaa.

Kugeuza ilibidi nigeuze baada ya Isha, maana mchana niko ofisini. Sepetu mkononi, taa ya simu nimeibana kwenye mpapai. Asubuhi yake, na baridi ya mwezi wa saba, biwi likawa linatoa mvuke. Kijana wa Mama Shufaa alikuwa juu ya mpera anaiba mapera yangu. Aliteremka, nimeambiwa, bila kugusa matawi.

Jumamosi nikasikia hodi. Haikuwa hodi ya mtu mmoja. Nikafungua: mjumbe na kofia yake ya kiua, mwenyekiti wa mtaa na daftari, mgambo wawili, nyuma yao Mama Shufaa kajifunga kibwebwe, na nyuma ya Mama Shufaa, Makorora.

"Baba Zai," mjumbe akaanza, "tumekuja kwa heri."

Mgambo mmoja alikuwa na jembe begani.

"Karibuni."

"Mama Zai yuko wapi?"

"Muheza. Mdogo wake kajifungua."

"Alhamdulillahi. Mpigie basi tumpe hongera."

Nikapiga, nikaweka spika. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Umati ukavuta pumzi kwa pamoja. Nikaanza kueleza kwamba kule mtandao unapatikana chini ya mfenesi mmoja tu, tena mpaka uelekee baharini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na muuaji.

"Tuoneshe uwani," mwenyekiti akasema.

Tukaingia. Pale ndipo nami nikaliona biwi langu kwa macho yao. Urefu wa mtu. Limeinuka katikati. Tofali kichwani, tofali miguuni. Udongo umeloa maji ya jana jioni. Mzee mmoja nyuma akaanza kusoma Fatiha.

"Hii ni mboji," nikasema.

"Ndiyo nini?" akauliza mgambo.

"Mbolea. Vitu vinaozeshwa."

"Vitu gani?"

Mtu mwenye akili angetaja maganda ya muhogo. Mimi nikasema, "Kila kitu."

Mgambo akafunua gunia, akapiga bismillahi, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akautoa kwa ukelele.

"Wa moto!"

Kimya. Mjumbe, mtu mzima aliyeosha maiti wengi, akakuna kidevu. "Hapana. Maiti hupoa. Maiti hawi na moto."

Nikashukuru Mungu. Nikafungua mdomo nieleze kwamba ule ni ujoto wa vijidudu wanaokula, na wakila wanatoa joto kama mtu anayekimbia. Mama Shufaa akaniwahi.

"Basi yu hai! Chimbeni! Mwenzetu yu hai humo!"

Sijapata kuona watu wakilima namna ile. Wanaume ambao mwaka wa saba hawajang'oa gugu mlangoni kwao walilivamia biwi kwa jembe, sepetu, sufuria, mikono. Wanawake wanalia, watoto wako juu ya ukuta. Mvuke umejaa uwani kama jiko la harusi. Katikati ya mtafaruku akatokea bwana shamba, akasimama mlangoni, akatazama, akafurahi kabisa.

"Vizuri! Wa nje uingizeni ndani, wa ndani utoke nje! Na upande ule!"

Kwa dakika kumi waligeuza vizuri kuliko mimi kwa wiki nne.

Vikatoka vichwa vya samaki, fuvu baada ya fuvu. Yakatoka makumbi ya nazi, hayajaoza hata kidogo, na hayo nakuonya usiyatie mazima, yatakuzika wewe. Pembezoni, ambako joto halifiki, yakatoka mabuu meupe manene kama kidole gumba, yamejikunja. Mzee wa Fatiha akasitisha dua.

"Hayo ni ya mdudu chonga! Yakiota mbawa yatanimalizia minazi. Yaueni!" Kuku wakaitwa. Hao ndio pekee waliofaidi siku ile.

Halafu jembe likagonga kitu. Kangg.

Wote wakasimama. Mgambo akainama, akakichomoa, akakifuta kwenye suruali. Kijiko. Kimekuwa cheusi, lakini waridi mpinini linaonekana.

Sikuhitaji kuangalia upande wa Mama Shufaa, nilimsikia akivuta hatua. Akakichukua mkononi mwa mgambo polepole, kama mtu anayepokea mahari.

"Kimoja," akasema.

Mwenzangu, maiti akasahaulika. Mama Shufaa akapiga magoti mwenyewe, akachambua mboji kwa vidole kama mchele. "Viwili." Umati ukawa unaitikia naye. "Vitatu! Vinne!" Cha tano kilikuwa ndani ya fuvu la changu. Cha sita kakileta kuku.

Hapo simu yangu ikalia. Mama Zai. Spika nilikuwa sijaitoa.

"Baba Zai, nimeona umepiga. Kuku umewapa maji?"

Watu wakapiga takbiri. Mjumbe akavua kofia, akajipepea. Mama Shufaa hakusema alhamdulillahi wala hongera. Alisogeza mdomo kwenye simu.

"Shoga, salama? Mimi jirani yako, mwizi. Vijiko vyako hivi hapa kaburini, alivizika mumeo."

Tukasikia jogoo wa Muheza akiwika. Kisha sauti ya mke wangu, ya mbali sana:

"Haloo? Haloo? Mtandao huku..."

Ikakatika. Mpaka leo anadai ni mtandao.

Mwenyekiti aliandika kitu kwenye daftari lake, sijui nini, akaomba maji ya kunawa, wakaondoka mmoja mmoja. Mgambo mmoja akaniuliza pembeni kama naweza kumgawia debe moja kwa bamia zake.

Arobaini ilipokwisha, Mama Zai alirudi na kapu la machungwa. Hakulishusha nyumbani. Alipitiliza nalo kwa jirani, akakaa huko tangu Alasiri mpaka Magharibi, na walichosemezana sikuambiwa. Vitumbua vikarudi.

Mboji iliiva mwezi wa tisa, nyeusi, laini, yanukia udongo wa mvua ya kwanza. Mchicha haukufika magotini, ulifika kwenye kifundo cha mguu, lakini kijani. Tukawapelekea fungu. Jioni yake ikaja sahani ya tambi, imefunikwa kwa kawa. Mama Zai akafunua. Juu ya tambi kimelala kijiko, chenye waridi mpinini, cheupe, kinang'aa.

Akanitazama. Nikatazama mpapai. Akakiosha, akafungua kabati, nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini mpaka kumi na viwili. Akafunga kabati.

Tambi tulizila kwa mkono.