California ilijua kufungua saluni, Kenya ikajua kufungua shule

Sisi tulio ughaibuni tuna tabia moja mbaya. Tukipiga simu nyumbani, tunasema huku tuliko kila kitu kina mpango na huko kila kitu ni vurugu. Walio nyumbani nao hawatupingi, maana hata wao wanaamini hivyo. Kuhusu miaka ile ya korona mimi hadithi hiyo siinunui. Nilikuwa Los Angeles nasuka nywele kwa riziki na mtoto wangu anasoma shule ya serikali, na ndugu zangu walikuwa Likoni, Mombasa, chini ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku. Kwa upande wa kazi, jimbo la California liliiacha Kenya mbali sana. Kwa upande wa shule, Kenya ndiyo iliyotangulia, na sababu yake haimpi sifa yeyote kati yao.

Nianze na kazi. Tarehe 19 Machi 2020 Gavana Gavin Newsom aliamuru watu wakae nyumbani, California ikawa jimbo la kwanza Marekani kuwafungia watu wake wote. Mwisho wa Mei kaunti yetu ikaruhusu saluni. Tarehe 13 Julai tukafungwa tena, na wiki moja baadaye tukaambiwa kazi ruksa, lakini nje. Ndipo nikaanza kusuka kwenye maegesho ya magari. Kanuni ilisema turubai linaruhusiwa mradi lisizibwe zaidi ya upande mmoja, na kuosha nywele marufuku. Basi jua likawa linaingia pande tatu zilizobaki na upepo unapeperusha nywele za kuunganishia hadi chini ya magari ya watu. Mteja wa twist ndogondogo, ambaye ndani angekaa saa sita akitazama sinema kwenye simu, alikaa na mwavuli mkononi huku akinigeuzia kichwa kila jua lilipohama. Mwenye jengo hakunipunguzia kodi hata senti moja. Kwa hesabu yake, mimi nilikuwa nimefunguliwa.

Hata hivyo, tarehe 28 Agosti jimbo lilitoa kitu ambacho mpaka leo nakisifia. Lilizipanga kaunti zake 58 katika rangi nne: zambarau, nyekundu, chungwa na manjano. Ukiwa na maambukizi mapya zaidi ya 7 kwa siku kwa kila watu 100,000, wewe ni zambarau. Ukishuka chini ya 1, na vipimo vyenye virusi vikawa chini ya asilimia 2, wewe ni manjano. Kaunti ilikaa ngazi moja wiki tatu angalau, na haikusogea mpaka itimize vigezo vya ngazi ya mbele wiki mbili mfululizo. Kila Jumanne matokeo yalitangazwa. Saluni zikaruhusiwa ndani hata kwenye zambarau, kaunti yetu ikitupa robo ya nafasi.

Los Angeles ilikaa zambarau tangu siku ya kwanza hadi katikati ya Machi 2021. Sikufurahi, lakini nilijua kwa nini tumekwama, na ningeweza kumwambia mteja wa harusi ya mwezi ujao kama nitakuwepo au la. Mfanyabiashara mdogo hamalizwi na kufungwa peke yake. Kinachommaliza ni kununua mzigo Jumatatu halafu Jumanne anafungwa.

Si kwamba jedwali lile la rangi lilikuwa safi. Desemba lilifunikwa na amri nyingine iliyopima nafasi za vyumba vya wagonjwa mahututi. Eneo likishuka chini ya asilimia 15, saluni na migahawa ya nje inafungwa, na eneo letu la kusini lilishuka hadi sifuri. Wakati huo huo utengenezaji wa filamu uliruhusiwa kuendelea, tukaona video ya mwenye mgahawa akilia mbele ya meza zake zilizokatazwa huku hema la chakula la wacheza filamu limesimama maegesho hayo hayo. Gavana naye alikuwa ameshapigwa picha Novemba kwenye karamu ya siku ya kuzaliwa, katika mgahawa wa kifahari wa French Laundry kule Napa, bila barakoa. Machi 2021 vigezo vyenyewe vikalegezwa: chanjo milioni 2 zilipofika katika mitaa iliyoumizwa zaidi, mpaka wa kuingia nyekundu ukapandishwa kutoka 7 hadi 10. Watu walipiga kelele kwamba wamehamisha goli. Mimi sikupiga. Angalau goli lilikuwapo, tukaona lilipohamishwa.

Kwetu Kenya goli lilikuwa kinywani mwa Rais. Watu walikaa mbele ya televisheni kungoja hotuba ya Uhuru Kenyatta, wajue kafyu imesogezwa saa ngapi na kwa siku ngapi. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, watu walikuwa kwenye foleni ya feri Likoni wakijaribu kufika nyumbani kabla ya saa moja jioni, na polisi wakawapiga mabomu ya machozi na virungu. Feri haiendi kwa haraka ya abiria, hilo kila mtu wa pwani analijua. Aliyepanga ile saa moja hakuwahi kusimama pale jioni.

Dada yangu huuza viazi karai na bajia karibu na kivuko. Hakuna aliyemfungia biashara. Serikali ilichukua tu saa zake, maana mteja wake ni mtu anayerudi kazini, na mtu huyo sasa alikuwa anakimbia. Kafyu ikasogezwa saa tatu usiku mwezi Juni, saa tano mwishoni mwa Septemba, ikarudishwa saa nne Novemba. Kila mara alijua kutoka redioni, kama wewe na mimi. Hakukuwa na namba ambayo angeitazama Jumanne akasema tumebakisha kidogo. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, kwa tangazo uwanjani, na wala hapo hakuna aliyejua asubuhi yake kama itaondolewa.

Pesa ndiyo iliyozidisha tofauti. Marekani nilipata hundi ya dola 1,200, na hadi mwisho wa Julai 2020 waliokosa kazi waliongezewa dola 600 kila wiki, hata sisi tuliojiajiri. Kenya ilipunguza kodi ya mshahara na kumsamehe kabisa anayepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Vizuri, lakini dada hana karatasi ya mshahara ya kusamehewa. Vijana wa mitaa ya mabanda walipata vibarua vya mpango wa serikali wa Kazi Mtaani, naye alipata nilichomtumia. Kwa hiyo msinisikie nikisema Wakenya hawakuvumilia kufungwa. Jimbo lililofunga kwa muda mrefu lilikuwa na cha kumlipa aliyefungwa, na nchi isiyokuwa nacho ikafunga hasa usiku.

Sasa shule, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa huku.

Kenya ilifunga shule zote katikati ya Machi 2020. Julai marehemu Profesa George Magoha, waziri wa elimu, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, mitihani ya taifa ya KCPE na KCSE hakuna mpaka 2021. Kulikuwa na masomo ya redio na televisheni, lakini tusidanganyane. Mtoto wa nyumba isiyo na umeme hakusoma chochote. Walimu wa shule za binafsi walikaa bila mshahara, na huko Mwea kuna shule iliyogeuza darasa kuwa banda la kuku, mwenye shule akahojiwa humo humo. Halafu tarehe 12 Oktoba, wiki mbili baada ya baa kufunguliwa (ndiyo, baa zilitangulia), serikali ikabadili kauli, ikarudisha gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Tarehe 4 Januari 2021 wakarudi wote. Kukaa mbalimbali katika darasa la watoto 60 ni ndoto, na waziri mwenyewe alikuwa akihimiza masomo chini ya miti. Walirudi na barakoa na ndoo ya maji mlangoni.

Mwezi huo mwanangu alikuwa amekaa kitandani na kompyuta ya shule mapajani, kamera imezimwa. Nilikuwa nampita nikienda jikoni, nasikia mwalimu anaita jina lake mara mbili, naye anaandika neno moja kwenye gumzo kisha anarudi kwenye mchezo wake. Alirudi darasani mwisho wa Aprili. Nikisema darasani naomba mnielewe: wanafunzi wa sekondari wa wilaya yetu ya shule walikaa katika chumba kimoja siku nzima, kila mmoja na kompyuta na vipokea sauti, wakisoma kwa Zoom huku mwalimu wa chumba akifundisha watoto wengine kwenye skrini yake. Walio wengi hawakuona sababu ya kuamkia hilo, wakabaki nyumbani.

Mtu atasema, Januari ile Los Angeles ilikuwa inakufa. Ni kweli, hospitali zilikuwa zimejaa, na mimi nisingempeleka mtoto wiki ile. Basi tuiache Los Angeles, tuitazame San Francisco. Oktoba 2020 mji ule ulifika manjano, ngazi nzuri kuliko zote. Shule zake za serikali hazikufungua mpaka Aprili 2021. Januari bodi ya shule ilipiga kura kubadilisha majina ya shule 44 ambazo ndani yake hapakuwa na mtoto hata mmoja, na Februari mji ukaishtaki wilaya yake ya shule mahakamani ili ifungue. Jedwali la rangi lilisema shule *inaweza* kufunguliwa baada ya wiki mbili za nyekundu. Nani afungue, lini, kwa mkataba gani na chama cha walimu, jimbo likawaachia wilaya. Lilikuja kuweka mezani dola bilioni 2 mwezi Machi kuzishawishi. Mimi turubai langu lilihesabiwa pande. Shule ikabembelezwa.

Shule za binafsi hazikungoja. Ziliomba ruhusa maalumu ya madarasa ya chini, zikafungua, na watoto wa gavana mwenyewe walikuwa darasani tangu vuli ya 2020.

Nadhani najua kwa nini, na si kwamba Wakenya wanapenda watoto zaidi. Kenya haikuwa na mbadala. Shule ikifungwa, imefungwa, na mzazi, mwalimu na waziri wote wanaiona shimo. California ilikuwa na kompyuta, intaneti ya kugawa, chakula cha mchana cha kuchukua getini, na mshahara wa mwalimu haukukatika. Kila kitu kilichofanya kufunga kuvumilike ndicho kilichofanya kufungua kusiwe na haraka. Wanaoamua walikuwa na mzazi mmoja nyumbani wa kumkalia mtoto. Sisi tulioondoka saa moja asubuhi kwenda kusuka, kusafisha na kulea wazee, watoto wetu walibaki na kitasa cha mlango. Ndani ya jimbo tajiri kulikuwa na wazazi walioishi kama Likoni, ila bila tarehe ya kufungua.

Gharama zimekuja kulipwa pande zote. Mwaka wa masomo 2021–22, asilimia 30 ya wanafunzi wa California walikosa shule kupita kiasi. Ukishamzoesha mtoto kwamba shule ni hiari, kumrudisha ni kazi. Kenya ilibana mihula ili ifidie, kalenda haikukaa sawa mpaka Januari 2023, na mwishoni mwa 2021 mabweni yakawa yanachomwa moto kila wiki.

Hapo dada hunikatiza. Binti yake alikuwa bweni mwaka ule, akirudi likizo ya siku chache na begi lenyewe halifunguliwi. Yeye angependa lile neno la Julai la Magoha lisimame: mwaka umepotea, warudie, watoto wapumue. Nimejaribu kumbishia nikashindwa, kwa sababu mwanangu alipandishwa darasa baada ya mwaka mzima wa kamera iliyozimwa na hakuna mtu aliyeuliza alijua nini.