Kabla ya kuuliza ni falanga ngapi, tuulize malipo yanaitwaje

Wiki iliyopita, hapa Katuba, Lubumbashi, kwetu Kongo, Mama anayeuza yunite na mega (muda wa maongezi na data) chini ya mwavuli karibu na lupango letu, kiwanja tunapoishi, aliniita hata kabla sijamsalimia. "Mwalimu, njoo usikie." Akanifungulia ujumbe wa sauti uliokuwa unazunguka kwenye simu za watu tangu asubuhi: eti sheria mpya inakuja, kila atakayeingia intaneti atalipa. Msemaji hakutaja ni sheria gani, imetoka kwa nani, wala imefika wapi. Alitaja kiasi tu, na kila aliyemsikia aliondoka na kiasi hicho kichwani.

"Ni kweli, Mwalimu?" Nikamjibu kwamba sijaona karatasi yoyote, na sauti bila karatasi siipokei. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tulishaumwa. Safari ile tulibishania kiasi, jina likatupita.

Nasema juu ya RAM, ule mpango wa kuandikisha simu ulioanza Septemba 2020. Simu ndogo ya 2G ilidaiwa dola 1 kwa mwaka, ya 3G au 4G dola 7. Makato yalipita kwenye yunite, kidogo kidogo: mtu anaongeza yunite, sehemu inaondoka kabla hajapiga simu. Mitaani tulilia kwamba dola 7 ni nyingi, na kweli zilikuwa nyingi. Ila upande wa serikali hawakubishana juu ya wingi. Walisema hii si kodi, ni malipo ya huduma, ya kutambua simu bandia na simu za wizi. Neno hilo moja, huduma, ndilo lililobeba mzigo wote. Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 174, inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Kikiitwa kodi, lazima kipite Bungeni, wabunge wapige kura, nasi tujue nani alikubali na nani alikataa. Kikiitwa malipo ya huduma, dekreti (amri ya serikali) na amri ya waziri zinatosha, na hiyo ndiyo njia RAM ilipitia. Wabunge walimbana waziri Oktoba 2021, makuta (pesa) ya watu yakiwa yamekatwa mwaka mzima. RAM ikafutwa mwanzoni mwa 2022.

Ndiyo maana muswada wowote wa malipo ya intaneti mimi nitauanzia kwenye jina. Kifaransa cha sheria kina impôt, taxe, redevance, rémunération, na kila neno lina mlango wake. Impôt unailipa bila kudai kitu mkononi. Redevance unailipa kwa sababu kuna kitu umepewa au umetumia. Tukisimuliana kwa Kiswahili yote yanakuwa kodi, au "takse", na hapo tunajipokonya haki yetu wenyewe. Kwa sababu anayekuambia ulipie huduma amekupa ruhusa ya kumhoji: huduma gani? Niliiomba lini? Nisipoitaka? Anayelipia ulinzi wa simu yake, ikiibwa soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, aende kugonga mlango gani?

Baada ya jina, natafuta mahali ndoano ilipofungwa: kwenye simu, kwenye siku, kwenye mega, au kwenye bei ya forfe, yaani kifurushi. Hapo ndipo utaona nani ataumia. Uganda, Julai 2018, waliifunga kwenye siku: shilingi 200 kwa kila siku mtu anayotumia mitandao ya kijamii. Tajiri na mchuuzi walilipa sawasawa, na wengi wakakimbilia VPN, programu zinazoficha unachofungua. Mwaka 2021 wakaiacha, wakaweka asilimia 12 kwenye data. Bénin nao, mwaka uleule wa 2018, waliifunga kwenye mega, faranga 5 za CFA kwa kila mega ya mitandao ya kijamii. Watu walipiga kelele, ikaondolewa baada ya siku chache. RAM yetu ilifungwa kwenye simu, kwa hiyo mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, mwenye simu ya 4G aliyonunuliwa na mjomba wake alidaiwa dola zilezile 7 alizodaiwa bwana mwenye malori kumi kule mpakani Kasumbalesa. Mimi hilo siliiti usawa.

Na tusikubali kuambiwa kwamba mega zetu hazichangii kitu. Zinabeba TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, na ushuru wa aksizi, ule wa bidhaa na huduma fulani, juu yake. Mama anayetuma picha za vitenge kwa wateja wake Likasi ameshaichangia serikali kabla picha haijafika.

Kuna pia suala la njia. Muswada wa serikali ni projet de loi, wa mbunge au seneta ni proposition de loi, na yote miwili inajadiliwa wazi. Lakini malipo mapya yanaweza kuingizwa kimya ndani ya sheria ya bajeti, ambayo serikali inatakiwa kuifikisha Bungeni kabla ya 15 Septemba kupita, kila mwaka. Au yakaja kwa ordonnance-loi, amri ya rais yenye nguvu ya sheria, kama ilivyokuja Kodi ya Dijitali (hapa kodi ni code, kitabu cha sheria) tarehe 13 Machi 2023. Anayengojea tu muswada wenye neno intaneti kwenye kichwa chake anaweza kungojea huku mwingine umeshapita.

Linaloniuma zaidi ni lugha. Ibara ya 142 ya Katiba hiyohiyo inaiagiza serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu itiwe saini. Kiswahili ni mojawapo. Si hisani, ni agizo. Mama wa mega anakatwa falanga zake kwa Kiswahili, anawaeleza wateja wake wenye hasira kwa Kiswahili, basi aisome sheria yenyewe kwa Kiswahili. Na mimi naomba zaidi ya Katiba: muswada wa malipo haya utafsiriwe kabla ya kura, wakati neno redevance bado linaweza kubishaniwa na kufutwa.

Jana nilirudi kwake na karatasi. Nimemwandikia maswali ya kumuuliza yeyote atakayemletea tena sauti ya namna ile: inaitwaje, inakatwa wapi, nani ameileta, na iko wapi kwa Kiswahili. Akayasoma polepole, akaibana chini ya simu yake kwenye meza. "Depute akipita huku," akasema, akimaanisha mbunge, "nitaanza na la kwanza."