Akili timamu ni ya wakati gani?

Tumeyazoea mno maneno "akili timamu" hata hatuyapimi tena. Mbunge akitoa kauli isiyotupendeza, tunasema hana akili timamu. Mume akimuua mkewe, tunasema mtu mwenye akili timamu hawezi kufanya hivyo. Kauli hii ya pili ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa inawabebesha wagonjwa uovu wasioutenda, na papo hapo inampa muuaji udhuru ambao mahakama isingempa kirahisi.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania huanzia upande wa pili kabisa: kila mtu huchukuliwa kuwa na akili timamu katika wakati wowote unaohojiwa, mpaka kinyume chake kithibitishwe. Anayejitetea kwa maradhi ya akili hana budi kuonyesha kwamba alipotenda kosa, maradhi hayo yalimnyima, kwa mfano, uwezo wa kuelewa alitendalo. Hasira na wivu, hata viwe vikali kiasi gani, si maradhi.

Uzito wote umo katika neno "wakati". Sheria ya Mikataba inalifafanua vizuri zaidi: mtu ambaye kwa kawaida akili zake si timamu, lakini hupata vipindi vya utulivu, anaweza kufunga mkataba katika vipindi hivyo, ilhali aliye mzima kwa kawaida hawezi kuufunga akili zikiwa zimemtoka. Waislamu nao wanaijua hadithi ya kalamu, ile inayoandika matendo ya mtu, kuondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili zimrudie. Kila mmoja amewekewa "mpaka" yake.

Sisi mitaani tumeifuta "mpaka" hiyo. Nimekaa katika kikao cha ukoo cha kugawana shamba, ambapo ndugu mmoja aliyewahi kulazwa, na ambaye kwa miaka mingi sasa anatumia dawa na kuendesha duka lake mwenyewe, alinyoosha mkono kuuliza kwa nini mpaka wa upande wa mtoni umesogezwa. Mzee mmoja akamkatiza: "Huyo mwacheni, hana akili timamu." Kikao kikaendelea. Swali lake lilikuwa la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na aliyenufaika na kutojibiwa kwake alikuwa mzee yuleyule.