Mtaalamu asiyeona aitwe kabla mfumo haujanunuliwa

Mhitimu asiyeona anayetafuta kazi Mombasa husukumwa mno upande mmoja: utetezi wa haki za wenye ulemavu na teknolojia saidizi. Wanaopinga wanasema huo ni mtego. Mhasibu au mwanasheria anawekwa kwenye dawati la ulemavu, anaitwa warsha Nyali, anapigwa picha, anapewa posho, na bajeti inapitishwa bila yeye. Wana hoja. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa au kuteuliwa katika vyombo vya umma wawe watu wenye ulemavu. Hakikusema kazi yao iwe kuzungumzia ulemavu tu.

Lakini huyo mhasibu aliyekataa dawati hilo atafanyaje kazi ikiwa programu ya mishahara haisomeki kwa sauti? Hapo ndipo anapohitajika mwenzake asiyeona, mkaguzi anayepima kama mfumo unatumika bila kuona. Anawasha NVDA, kisoma-skrini cha bure (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, anaacha kipanya na kupita fomu nzima kwa kitufe cha Tab. Akisikia "kitufe" bila jina, hajui kama ni cha kutuma au cha kufuta. Anabonyeza H kurukia vichwa. Kama mtengenezaji alikoleza tu maandishi bila kuyatia alama ya kichwa, haendi popote. Ukurasa wa Kiswahili usiotambulishwa kwa "sw" kwenye msimbo husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, hata ambaye Kiswahili ni lugha yake asiambulie kitu, ilhali eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja na NVDA, ina sauti ya Kiswahili. Herufi mbili tu zimekosekana! Tangazo la zabuni lililopigwa skana nalo ni picha, halitoi sauti. Ukibonyeza Insert na R pamoja, NVDA huyatambua maandishi ya picha hiyo, ila mpangilio wa jedwali hupotea, na hujui tena bei ipi ni ya bidhaa ipi.

Hata hivyo, kutoona peke yake si ujuzi. Anayetumia TalkBack, kisoma-skrini cha simu za Android, kila siku anaweza kukwambia wapi amekwama, asijue ni mstari gani wa msimbo urekebishwe. Na mwenye uoni hafifu anayekuza skrini hukutana na kasoro nyingine kabisa. Kuna ufundi wa kujifunza hapa, na fundi hulipwa kwa kazi aliyoifanya, si nauli ya kikao.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kumwita mtaalamu huyu wakati mfumo wa kompyuta umeshanunuliwa, na kila marekebisho yamegeuka gharama mpya ambayo hakuna anayetaka kuilipia. Sharti liandikwe kwenye zabuni yenyewe: mtumiaji asiyeona ajisajili, alipe na apate risiti bila kushikiwa mkono, mbele ya muuzaji. Awamu ya mwisho ya malipo izuiwe hadi kasoro zilizoorodheshwa zirekebishwe na kujaribiwa upya na mtu yuleyule, na jina lake liwe miongoni mwa wanaotia saini ya kupokea mfumo.