Mahindi ya mjomba na kipimo kisichoogopa jua

Januari iliyopita mjomba wangu alikwama Kibaigwa siku nne na Fuso lenye gunia 80 za mahindi. Mnunuzi alitaka kupima sumukuvu kabla ya kulipa, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Vipimo vilikuwepo, vile vya haraka, vinavyofanana na vya malaria. Kumbe vilikuwa vimeshinda ndani ya gari lililoegeshwa juani, na kila kilichofunguliwa hakikutoa ule mstari wa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Ikabidi boksi jingine liletwe kutoka Dar. Siku ya tatu mvua ikanyesha, turubai likavuja, gunia za juu zikalowa. Mahindi yaliyofika sokoni makavu yakapata unyevu unaootesha kuvu, yakiwa kwenye foleni ya kupimwa sumu ya kuvu.

"Wewe si ndiye uliyesomea mambo haya?" Mjomba akaniuliza kwenye simu. "Hawawezi kutengeneza kipimo kisichoogopa jua?"

Inawezekana, Mjomba. Na tangu siku ile jambo hili limenikaa kooni.

Vipimo vile vilitegemea kingamwili. Kingamwili ni protini ya mwili inayoshika kitu kimoja maalumu, na protini ikizidiwa na joto huharibika umbo kama ute wa yai kwenye kikaango, hairudi tena. Ndiyo maana boksi nyingi tunazopokea maabara zimeandikwa nyuzi 2 hadi 8. Aptama ni kitu kingine kabisa. Ni uzi mfupi wa DNA au RNA, mara nyingi herufi chini ya 100, unaojikunja kwa namna yake na kushika kitu kimoja uliouchagulia. Ukiipasha moto hukunjuka. Ukiipoza hujikunja tena vilevile. Ile ya DNA ukishaikausha unaiweka mezani kwenye kichupa, na umeme ukikatika Ijumaa hadi Jumatatu huna haja ya kukimbia na barafu.

Namna ya kuipata imekuwapo tangu 1990. Craig Tuerk na Larry Gold kule Boulder, Colorado, na Andrew Ellington na Jack Szostak kule Boston, waliifikia mwaka huo huo, kila kundi kivyake. Mtu yeyote aliyewahi kumwona mama yake akipepeta mtama ataielewa. Unaanza na mchanganyiko wa nyuzi zenye herufi zilizopangwa bila mpangilio, pengine trilioni 100 za aina tofauti. Unaumwaga juu ya kile unachokitafuta. Zisizoshika unazisuuza, zilizoshika unazirudufu kwa PCR, mashine ya kunakili DNA, kisha unapepeta tena kwa ukali zaidi. Baada ya mizunguko kama 10 hivi, kwenye ungo zimebaki chache zinazong'ang'ania.

Hakuna sungura hapo, wala panya, kama wale wanaochomwa ili watoe kingamwili. Na kwa sumukuvu hilo ni jambo kubwa. Aflatoksini B1, sumukuvu tunayoitafuta kwenye mahindi, ni kitu kidogo mno kiasi kwamba mwili wa mnyama hauitambui mpaka uifungie kwenye protini kubwa, umchome mnyama, usubiri wiki na wiki. Aptama unaitafuta kwenye kichupa. Tayari zipo zilizochapishwa za aflatoksini B1, na ya okratoksini A, binamu yake, ilitangazwa Kanada mwaka 2008.

Lakini sababu inayonifanya nizitetee aptama kuliko zote si joto. Ni kwamba aptama ni maandishi. Ukiwa na mfuatano wa herufi zake unayo yenyewe. Unautuma kwa barua pepe, kiwanda kinakuundia, na unachopokea Dodoma ni kile kile alichonacho mwenzako Waterloo, Kanada. Kingamwili ngapi tunanunua bila kujua mfuatano wake? Unapewa namba ya katalogi. Siku kampuni ikibadilisha chanzo, au mnyama akifa, kipimo chako kinabadilika na hakuna wa kukuambia.

Kuna kisa ambacho wasiozipenda aptama hunirushia kila tukibishana. Kwa miaka mingi watafiti walitumia aptama iliyosemekana kushika aseniki. Karatasi baada ya karatasi, vihisi vya maji ya kunywa vikatengenezwa juu yake. Mwaka 2019 Chenghong Zong na Juewen Liu wa Chuo Kikuu cha Waterloo wakaipima upya kwa uangalifu, wakakuta haishiki aseniki kabisa. Nilipoisoma karatasi ile niliona aibu kwa niaba ya fani nzima. Hata hivyo, tazama ilivyogundulika. Watu wawili waliweza kuagiza herufi zile zile zilizokuwa hadharani, wakarudia, wakasema hapana. Aliyenunua kingamwili ya mfuatano uliofichwa angeanzia wapi? Mimi nataka vipimo vya chakula cha watoto wetu vijengwe juu ya kitu ambacho mtu baki anaweza kukikagua.

Kwenye dawa, sawa, nakubali, ingawa kwa shingo upande. Miaka yote hii Marekani wameidhinisha aptama mbili tu: Macugen mwaka 2004 na Izervay mwaka 2023, na zote mbili huchomwa ndani ya jicho. Kwenye damu vimeng'enya huzitafuna na figo huzichuja upesi. Macugen yenyewe ilizidiwa na Lucentis, dawa ya jicho iliyo kipande cha kingamwili, kabla haijatimiza miaka miwili sokoni. Huko kingamwili zimeshinda. Lakini gunia la mahindi halina damu wala figo, na sioni kwa nini kushindwa kwa dawa kuwe sababu ya kuacha kipimo.

Nakubali pia kwamba aptama inajali chumvi, na methanoli tunayotolea sumu kwenye unga inaweza kuisumbua. Na hakuna kipimo chochote kitakachomwokoa mtu aliyechota sampuli mahali pamoja tu. Sumukuvu hukaa kwa mafungu, gunia hili limejaa, la jirani halina kitu.

Haya yote ni kazi ya maabara, na maabara tunazo. Baada ya Uviko mashine za PCR zimeenea hadi mahali ambapo zamani hazikuwepo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui na jirani zao, waliugua watu 317 kwa mahindi yenye sumu hii, wakafa 125. Mwaka 2016 watu walikufa kwetu, Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hii hii. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa sharti la vyeti kuonyesha sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Ugonjwa ni wetu, soko ni letu, watoto ni wetu. Nani mwingine tunamngoja aone uharaka wake?

Mjomba hatimaye aliuza. Gunia sita alizianika upya na kuzitenga. Nilimsihi asiwape hata kuku.

Mimi nimeagiza ile aptama ya aflatoksini kwa mfuatano uliochapishwa. Ilifika kwenye bahasha ya kawaida, unga mkavu usioonekana kwa macho chini ya kichupa. Sikuiweka kwenye friji. Iko juu ya kabati karibu na dirisha la magharibi, wiki ya tatu sasa, na mchana kipimajoto hapo husoma nyuzi 36. Nyingine kama hiyo iko kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Jumatatu naziyeyusha zote mbili, nazipima ubavu kwa ubavu kwenye mahindi ya zile gunia sita.