Aliyepeleka Tupa: Uhuru wa Nani Hutangulia?

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanakijua kisa cha Fumo Liyongo. Sultani wa Pate anamwogopa, anamtia gerezani na kupanga kumuua. Liyongo anampelekea mama yake ujumbe wa mafumbo. Mama anaoka mikate mizuri kwa ajili ya walinzi na mkate wa pumba kwa ajili ya mfungwa, na ndani ya ule wa pumba anaficha tupa. Walinzi wanajichukulia ile mizuri na kumwachia mfungwa pumba zake. Siku ya ngoma, matoazi na nyimbo zinafunika sauti ya chuma kinachokatwa, na Liyongo anatoka.

Katika utenzi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, anayekwenda na kurudi kati ya mama na mwana ni mjakazi, jina lake Saada. Ndiye anayesimama mbele ya walinzi, na lau tupa ingegunduliwa, shingo ya kwanza kutafutwa ingekuwa yake. Baada ya hapo masimulizi yanamfuata Liyongo msituni, kisha yanakwenda kwa mwanawe na ile sindano ya shaba aliyomuulia baba yake. Saada hatusikii kwamba naye alifunguliwa.

Simlaumu Kijumwa kwa hilo. Utenzi wa shujaa ni wa shujaa. Ninalolitaka ni swali linalozaliwa pale, kwa sababu linajitokeza karibu kila mahali watu walipopigania uhuru: waliotawaliwa huwa na mtawala mmoja juu yao wote, na papo hapo baadhi yao huwa wanawatawala wenzao. Ukifika wakati wa kumng'oa yule wa juu, waliokandamizwa mara mbili wafanye nini na ule mkandamizo wa pili? Wanyamaze mpaka vita viishe, au waulizie sasa hivi?

Jibu la kwanza naliita hoja ya zamu. Linasema mnyororo mzito ukatwe kwanza, mingine itafuata, na anayeleta magomvi ya nyumbani vita vikiendelea anamsaidia adui. Ni rahisi kulidharau jibu hili ukiwa umekaa kwa amani na kitabu mkononi. Lakini lina uzito, na Maji Maji inauonyesha.

Utawala wa Wajerumani kusini mwa Tanganyika haukusimama kwa Wajerumani peke yao, maana walikuwa wachache. Ulisimama kwa maakida, majumbe na askari, wengi wao Waafrika, ambao ndio waliowasukuma watu kulima pamba kwa lazima. Wamatumbi, Wangindo na Wangoni hawakuwa na jeshi moja, na baadhi ya jamii za kusini zilikuwa na kumbukumbu za kuvamiana wenyewe kwa wenyewe. Maji ya Kinjeketile, dawa iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, yaliwapa imani moja. Mwaka 1905 pamba iling'olewa kwenye vilima vya Umatumbi, na moto ukaenea eneo kubwa ambalo hakuna chifu aliyewahi kuliunganisha. Kama kila jamii ingeanza kwa kudai hesabu za zamani zilipwe kwanza, hapangekuwa na vita vyovyote vya kusimulia.

Ebrahim Hussein aliligeuza jambo hili kuwa tamthilia mwaka 1969, na hapo ndipo uchambuzi unapopata chakula chake. Kinjeketile wake si nabii mwenye uhakika. Anaona neno alilolizaa mwenyewe likikua mpaka likamshinda nguvu. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kauli hiyo itatumiwa kuwaambia vizazi vijavyo kwamba kupigana kulikuwa kosa. Wasomaji wengi huishia hapo na kusema: unaona, kuna ukweli unaoweza kusubiri.

Mimi hurudi nyuma kidogo, kwenye utabiri wenyewe. Akiwa amepagawa, Kinjeketile anawaambia watu kwamba watamshinda Mjerumani na watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Akirudiwa na akili zake na kuelezwa alichokisema, anashtuka. Damu yote hiyo imwagike ili kubadilisha bwana? Hussein amelitia pingamizi kubwa la hoja ya zamu katika kinywa kile kile kinachoitetea. Wanaoigiza tamthilia hii kama wimbo wa umoja tu wanaupunguza uzito wake, na nadhani wanamfanya Kinjeketile awe mtu mwepesi kuliko aliyeandikwa.

Historia ina jaribio kali zaidi, nalo ni Haiti. Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililokuja kuwa Haiti, waliasi mwaka 1791, na Ufaransa ikatangaza kuufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794. Toussaint Louverture, ambaye mwenyewe alizaliwa mtumwa, akaja kuwa mtawala wa koloni lote. Katiba yake ya mwaka 1801 ilisema utumwa umefutwa milele. Lakini waliokuwa watumwa walilazimishwa kubaki kwenye mashamba makubwa, chini ya usimamizi wa kijeshi, wakizalisha sukari na kahawa kwa sehemu ya mavuno. Wao walitaka vipande vyao vya ardhi. Kaskazini wakaasi. Moïse, jenerali aliyekuwa kama mwana kwa Toussaint, akashutumiwa kuwaunga mkono, akapigwa risasi mwaka huo huo wa 1801.

Mtetezi wa Toussaint ana la kusema, na si dogo. Bunduki hununuliwa kwa fedha, na fedha ya kisiwa kile ilitoka kwenye sukari na kahawa. Wala hofu yake haikuwa ya kubuni: mwanzoni mwa mwaka 1802 meli za Napoleon zilifika zikiwa na maelfu ya askari chini ya Leclerc, na mwaka huo huo utumwa ukarudishwa Guadeloupe, koloni jingine la Ufaransa. Mtu anayeona merikebu za kivita zinakuja hawezi kulaumiwa kwa kutaka ghala lijae.

Ila tazama kilichotokea meli zilipofika. Toussaint aliwahitaji watu wale wale aliowarudisha shambani kwa nguvu. Mwanahistoria C. L. R. James, ambaye alimpenda sana Toussaint, anaona kwamba kosa lake lilikuwa hapo: aliacha kuzungumza na watu wake, akawafanya wasijue tena nani ni nani. Alikamatwa Juni 1802 na kufa katika ngome ya Fort de Joux, Ufaransa, Aprili 1803. Habari za Guadeloupe ndizo zilizowasadikisha watu kwamba hapakuwa na njia nyingine ila vita, na Januari mosi 1804 Dessalines, aliyekuwa jenerali wa Toussaint, akatangaza uhuru. Kwa hiyo hata ukiipima hoja ya zamu kwa kipimo chake chenyewe, cha ushindi, matokeo yake yana mashaka. Kuwanyamazisha wa chini hakukuongeza nguvu kadiri ilivyodhaniwa.

Jamaica inaumiza zaidi. Watoro wa milimani walioitwa Maroons walipigana na Waingereza miaka mingi mpaka wakalazimisha mapatano mwaka 1739. Walipata ardhi na uhuru wao. Nao walikubali kuwarudisha watumwa wengine watakaotoroka na kusaidia kuzima maasi, na mwaka 1760 walisaidia kweli kuuzima uasi ulioongozwa na Tacky. Kabla ya kuwaita wasaliti, mtu akumbuke kwamba walikuwa wachache waliozungukwa na dola, na kwamba watoto wao walizaliwa huru kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo makubaliano hayo hayakuwalinda wote. Baada ya vita vya mwaka 1795 na 1796, Maroons wa Trelawny Town walipakiwa melini wakapelekwa Nova Scotia, na kutoka huko wakaishia Sierra Leone. Uhuru waliokuwa nao ulikuwa ruhusa ya mwenye nguvu, na wale ambao wangesimama nao siku hiyo ni wale wale ambao Maroons walikuwa wamewakamata na kuwarudisha.

Jambo moja hunifanya niishuku hoja ya zamu kuliko mengine yote: watawala nao huitumia, tena kwa ufasaha. Amri ya mwaka 1897 Zanzibar, iliyotolewa chini ya ulinzi wa Uingereza, iliondoa hadhi ya utumwa kisheria. Haikumwachia huru mtu yeyote papo hapo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, na bwana alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje kabisa, isipokuwa pale ambapo suria angeweza kuthibitisha ukatili. Sababu zilizotolewa zilikuwa za utulivu: nyumba zisivunjike, mashamba ya karafuu yasikose watu, mambo yaende taratibu. Masuria walisubiri hadi mwaka 1909. Miaka 12 kwenye karatasi ya serikali ni muda mfupi. Kwa mwanamke aliyekuwa na miaka 20 siku amri iliposomwa, ni ujana wake wote.

Hesabu za fedha zinasema vivyo hivyo. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wenye watumwa, na waliokuwa watumwa wakafungwa kwenye kipindi cha "uanagenzi" kilichodumu hadi mwaka 1838. Haiti ilitozwa na Ufaransa faranga milioni 150 mwaka 1825, zikapunguzwa baadaye kuwa milioni 90, ili itambuliwe kuwa nchi huru. Kila mara mwenye kupoteza mali alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na aliyekuwa mali hakuwa na namba.

Je, mambo hubadilika bendera ikiwa yetu wenyewe? Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa miaka 22 alipoandika waraka wa "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968, miaka mitano tu baada ya uhuru. Alihoji serikali ilivyokuwa ikiwatendea wapinzani wake. Alifungwa miaka 3, na gerezani akatunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. (Kejeli kama hiyo ukiiweka kwenye riwaya, mhariri angekuambia umezidisha.) Ndani ya kitabu hicho mna lile shairi ambamo Alii na Badi wanabishana nani ana haki ya mnazi, na naliona kuwa mchango wake mkubwa kwenye mjadala huu, kuliko hata yale ya kilio cha mfungwa. Hakuna mgeni katika ugomvi ule. Wote wawili ni wa hapo hapo.

Serikali ya wakati ule nayo ilikuwa na utetezi wake: taifa ni changa, mipaka ina migogoro, maneno makali yanaweza kuwasha moto. Sehemu ya hayo ilikuwa kweli. Ndivyo hoja ya zamu inavyofanya kazi siku zote. Haihitaji kusema uongo. Inachohitaji ni hatari halisi, na hatari halisi hazikosekani.

Upande wa pili, unaodai kila dhuluma itajwe kwa pamoja, una udhaifu wake ambao watetezi wake huukwepa. Haujaeleza vizuri jinsi ya kushinda vita. Tena una kishawishi cha kuwasemea walio chini badala ya kuwasikiliza. Riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, ilifanya jambo adimu kumweka mtumishi katikati ya hadithi ya Zanzibar kabla na baada ya mapinduzi. Mtumishi huyo, anayeitwa Kijakazi, anamtumikia bwana wake Fuad kwa utiifu unaomkera msomaji, na riwaya inamtazama kama mtu wa kuzinduliwa. Sijaridhika na mtazamo huo. Utiifu wa mtu asiye na pa kwenda unaweza kuwa usingizi, na unaweza vilevile kuwa hesabu ya mtu anayejua kofi litatoka wapi. Anayekuja kumkomboa bila kujua tofauti hiyo atamgeuza mwanafunzi wake, na huo ni uhusiano mwingine wa bwana na mtumishi.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nakubali kwamba si kila mnyororo unaweza kukatwa siku moja. Anayekataa hilo hajawahi kuongoza hata kikao. Nisichokikubali ni desturi ya zamu kupangwa na walio mbele. Wakulima wa Toussaint hawakuulizwa kama wangekubali kuvumilia shamba kwa miaka kadhaa ili bunduki zinunuliwe. Pengine wangekubali. Masuria wa Unguja hawakuulizwa chochote. Kusubiri kwa makubaliano, kwa muda unaojulikana, ni mkakati. Kusubiri kwa amri hakuna jina zuri.

Shaaban Robert huwa anachekwa kidogo katika mijadala ya namna hii. Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951 chini ya utawala wa Waingereza, Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwa faida ya nchi na kutupwa gerezani waliporudi. Wahakiki wa mrengo wa kushoto walimwona mpole mno: ukombozi unatoka kwa mfalme aliyeguswa moyo, wala si kwa umma. Lawama hiyo ina msingi, kwa kuwa mfalme wa aina hiyo hapatikani kirahisi nje ya kitabu, na Toussaint hakumpata Paris. Lakini kwa swali letu, Shaaban Robert ana kitu ambacho tenzi na majeshi mengi hayana. Karama yumo hatarini kufa, na bado sehemu kubwa ya utetezi wake haimhusu yeye. Inawahusu watu waliotangulia gerezani na kusahaulika, na kesi inapokwisha, nao wanafunguliwa.